Kwa Mnaoanza Kumsoma Charles de Gaulle: Anzeni na Afisa, Rais Atafuata

Wanafunzi wengi wa historia wanaochagua kuandika juu ya Charles de Gaulle, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa, huanza na mwaka 1958, aliporudi madarakani, kisha hurudi nyuma mbiombio kutafuta katika ujana wake dalili za ukuu uliokuja baadaye. Kwa kuwa nimesoma na kusahihisha insha za namna hiyo kwa muda mrefu, nawashauri ninyi mnaoanza mpite njia nyingine: msomeni kwanza kama afisa wa jeshi ambaye hadi kufikia umri wa karibu miaka 50 hakujulikana nje ya duru za kijeshi na kisiasa, na katika kila hatua ya maisha yake ulizeni alimtii nani, na pale alipokataa kutii alijipa haki hiyo kwa msingi gani. Swali hilo ndilo linaloushika uzi wote, na insha isiyolishika huishia kuwa orodha ya vyeo na tarehe.

Alizaliwa Lille tarehe 22 Novemba 1890. Alipohitimu chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr mwaka 1912 alipangiwa Kikosi cha 33 cha askari wa miguu huko Arras, ambacho mkuu wake alikuwa Kanali Philippe Pétain. Jina hilo msilipite haraka, kwa sababu miaka 28 baadaye ndiye atakayekuwa upande wa pili. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alijeruhiwa Dinant mwezi Agosti 1914, akajeruhiwa tena mwaka 1915, na tarehe 2 Machi 1916 alitekwa karibu na ngome ya Douaumont katika mapigano ya Verdun. Alikaa kifungoni Ujerumani hadi vita vilipokwisha, akajaribu kutoroka mara 5 na kila mara akakamatwa, jambo lisilomshangaza mtu anayejua kwamba urefu wake ulizidi mita 1.90.

Mwaka 1934 alichapisha kitabu kilichotetea jeshi la askari wa kudumu, lenye vikosi vya vifaru vinavyokwenda kasi, na wakubwa wake wengi hawakulipokea wazo hilo. Hapa wanafunzi hupenda kuandika kwamba yeye peke yake aliona yaliyokuwa yakija. Si kweli: Jenerali Estienne huko huko Ufaransa, na Fuller nchini Uingereza, walikwisha kuzungumzia vita vya vifaru kabla yake. Kilicho chake hasa ni ule ukaidi wa kuwapita wakuu wake jeshini na kulipeleka jambo kwa wanasiasa, wa kwanza wao akiwa Paul Reynaud, na huyo ndiye aliyemwingiza serikalini tarehe 5 Juni 1940 kama naibu waziri wa vita, siku chache baada ya kupandishwa kuwa brigedia jenerali wa muda.

Siku zinazofuata zinahitaji subira, tena msizisome kwa macho ya mtu anayejua mwisho wake. Tarehe 16 Juni, majeshi ya Ujerumani yakiwa yameivamia Ufaransa, Reynaud, aliyekuwa waziri mkuu, alijiuzulu na Pétain akashika serikali. Tarehe 17 Pétain aliwatangazia Wafaransa kwamba mapigano hayana budi kusimama, na siku hiyo hiyo de Gaulle alipanda ndege kutoka Bordeaux kwenda London. Jioni ya tarehe 18 alizungumza katika redio ya BBC, akiwaita maafisa, askari, wahandisi na mafundi wa viwanda vya silaha wawasiliane naye. Kwa sheria za jeshi lake, huyo alikuwa brigedia wa muda aliyeiasi serikali iliyoundwa kwa taratibu za kawaida, na tarehe 2 Agosti mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo. Wafaransa wengi hawakuisikia hotuba ile usiku huo. Angalieni pia kosa ambalo nimelikuta mara nyingi: maneno kwamba Ufaransa imeshindwa pigano moja lakini haijashindwa vita hayamo katika hotuba ya tarehe 18 Juni, bali yalitoka katika bango lililobandikwa London baadaye. Aidha, sauti ya hotuba yenyewe haikuhifadhiwa. Rekodi tunayoisikia leo ni ya hotuba ya tarehe 22 Juni.

Katika hotuba hiyo ya kwanza alisema Ufaransa haiko peke yake kwa kuwa nyuma yake ina dola kubwa la makoloni. Msomaji wa Afrika asiruke sentensi hiyo. Tarehe 26 Agosti 1940 Félix Éboué, gavana wa Chad aliyezaliwa Cayenne huko Guiana ya Kifaransa, alitangaza kwamba koloni lake linamuunga mkono de Gaulle. Kamerun na Kongo zikafuata siku zilezile, na Brazzaville ikawa makao makuu ya Ufaransa Huru, yaani harakati ya de Gaulle ya kuendeleza vita. Mtu aliyekuwa na kipaza sauti na wafuasi wachache jijini London alipata ardhi, kodi, bandari na askari, na kwa sehemu kubwa vitu hivyo vilitoka Afrika. Deni hilo lililipwaje? Mkutano wa Brazzaville wa Januari na Februari 1944 uliahidi mageuzi, lakini ulikataa waziwazi wazo la makoloni kujitawala. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, de Gaulle akiwa mkuu wa serikali ya muda, askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vifungo vya Ujerumani walipigwa risasi katika kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar, walipodai malipo yao, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Wasifu unaosifu Brazzaville na kunyamazia Thiaroye ni wasifu pungufu, hata kama mwandishi wake ni mtu mashuhuri.

Kipindi cha kati hakiwahitaji kurasa nyingi. Alijiuzulu tarehe 20 Januari 1946, akaanzisha chama mwaka 1947, hakikufika mbali, naye akajitenga kijijini kwake Colombey-les-Deux-Églises.

Mwaka 1958 ndio unaowatenganisha wanafunzi makini na wengine. Tarehe 13 Mei walowezi wa Kifaransa na maafisa wa jeshi waliasi mjini Algiers, mji mkuu wa Algeria iliyokuwa chini ya Ufaransa. Tarehe 24 askari wa miamvuli walikiteka kisiwa cha Corsica, na ikahofiwa kwamba watashuka Paris. De Gaulle aliingia madarakani tarehe 1 Juni kwa kura 329 dhidi ya 224 za bunge, kwa hiyo kwa mujibu wa sheria, lakini bunge lililopiga kura lilikuwa na mtutu wa bunduki nyuma yake. Kwa maoni yangu, mambo hayo mawili lazima yakae pamoja ukurasa mmoja, na anayetaja moja tu anampendelea au anamwonea.

Kisha someni Aprili 1961 kwa makini kuliko mahali pengine popote. Majenerali Challe, Jouhaud, Zeller na Salan waliuteka mji wa Algiers kwa sababu rais alikuwa amekubali Waalgeria waamue hatima yao. Tarehe 23 alitokea katika televisheni akiwa amevaa sare ya jenerali yenye nyota mbili tu, kile cheo cha muda cha 1940 ambacho hakukipanda tena maisha yake yote, akamkataza kila Mfaransa, na kwanza kila askari, kutekeleza amri yoyote ya majenerali hao. Vijana waliokuwa Algeria kwa utumishi wa lazima walimsikia kambini kupitia redio ndogo za transista, wengi wao wakagoma kuwatii waasi, na uasi ukasambaratika ndani ya siku chache. Afisa aliyewahi kuwaita wenzake waiasi serikali sasa aliwazuia wengine wasifanye hivyo, tena kwa chombo kilekile cha redio. Jibu lake juu ya msingi wa haki hiyo alikuwa amelitoa Januari 1960, aliposema kwamba yeye ndiye amebeba uhalali wa taifa kwa miaka 20. Mtu kujitangaza mbebaji wa uhalali wakati miaka 12 kati ya hiyo hakuwa na wadhifa wowote serikalini ni dai zito, nanyi mnapaswa kulipima, msilinukuu tu.

Kumbukumbu zake za vita, zilizotoka katika majuzuu 3 kati ya 1954 na 1959, zisomeni kwa furaha na kwa tahadhari pia. Juzuu mbili za mwanzo zilitoka akiwa nje ya madaraka na ya tatu akiwa rais, na mara kwa mara anajitaja kwa jina kana kwamba anamsimulia mtu mwingine. Kila anapoeleza sababu ya uamuzi wake, tafuteni telegramu au gazeti la siku ileile kabla ya kumkubalia.

Mwisho, punguzeni mada. Maisha yote hayaenei katika insha moja, na bara letu lina maswali yanayomhusu moja kwa moja ambayo hayajachoshwa. Katika kura ya maoni ya tarehe 28 Septemba 1958 juu ya katiba mpya ya Ufaransa, Guinea ya Sékou Touré ilisema hapana, ikapata uhuru tarehe 2 Oktoba na kuondokewa kwa ghafla na watumishi na misaada ya Kifaransa. Komoro ilisema ndiyo na ikabaki chini ya Ufaransa hadi 1975. Mwezi Agosti 1966 de Gaulle alipokelewa Djibouti kwa maandamano ya kudai uhuru, na mwaka uliofuata kura nyingine ikaiacha chini ya Ufaransa. Katika vita vya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, Tanzania ilitangaza kuitambua Biafra mwezi Aprili 1968, ilhali de Gaulle aliruhusu silaha ziifikie kwa siri bila kuitambua kamwe. Anayeichagua mada hii ya mwisho ataweza kuanza na magazeti ya Dar es Salaam ya mwaka huo, lakini ajifunze Kifaransa cha kusomea nyaraka mapema, maana nyaraka nyingi hazijatafsiriwa.