Utepe wa buluu ulikotoka

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Huku sote wazima, mama yako anakusalimu na anauliza kama baridi imepungua. Umeniuliza kwa nini kwenye maonyesho ya wakulima huko Marekani ng'ombe wa kwanza anavishwa utepe wa buluu, ilhali yule Mwingereza wa kazini kwenu anashikilia kwamba kwao mshindi hupewa mwekundu. Wala msigombane, kila mmoja anasema ya kwao.

Buluu ilipata heshima yake kwa wafalme. Mnamo 1348 Edward wa Tatu wa Uingereza alianzisha Nishani ya Garter, yaani ya mkanda wa mguuni. Wanaume wenye nishani hiyo hufunga mkanda wa buluu wenye maandishi ya dhahabu chini ya goti la kushoto. Malkia huufunga mkononi. Ukimwondoa mfalme na mwana mrithi, nafasi zilikuwa 24 tu. Mimi naona hapo ndipo mambo yote yalipo: rangi haina utukufu wowote, ila ukiivaa wewe na wenzako wachache, nchi nzima itaitamani. Zamani buluu ya nishani hiyo ilikuwa samawati. Ilikolezwa enzi za Mfalme George wa Kwanza, ili itofautishwe, kwa sababu akina Stuart, ukoo wa kifalme ulioondolewa madarakani na uliokuwa uhamishoni, nao walikuwa wakigawa nishani yao kwa jina hilohilo.

Wafaransa nao walikuwa na yao. Henri wa Tatu alianzisha Nishani ya Roho Mtakatifu mwaka 1578, msalaba ukining'inia kwenye utepe wa samawati, na waliouvaa wakaitwa kwa utepe wenyewe: cordon bleu, yaani utepe wa buluu. Baadaye jina likashuka kutoka ikulu hadi jikoni, likawa sifa ya mpishi hodari. Chuo cha upishi cha Paris kilichofunguliwa 1895 kikalichukua, na ndilo hilo la kuku wako wa jibini uliyenitumia picha. (Mama yako kasema hana chumvi, kwa kumtazama tu.)

Waingereza nao hawakuusahau utepe wao. Disraeli, kabla hajawa waziri mkuu, aliandika kwamba mbio za farasi za Derby ndizo utepe wa buluu wa mchezo huo. Meli zilizoshindania kasi kuvuka Atlantiki nazo zikapewa sifa hiyohiyo. Ajabu ni kwamba kwenye maonyesho ya farasi ya hukohuko Uingereza, buluu ni ya mshindi wa pili.

Kanada nako ni hivyohivyo. Kwa hiyo ukivuka mpaka na keki yako ukapewa wa buluu, usinipigie usiku kunitangazia ushindi.

Baba yako