Jibu: Kibanda cha kiangazi Finland, kukaa hata Januari

Dada, umeuliza: ili kibanda chako cha kiangazi kikalike hata wakati wa baridi, uanze na madirisha au hita? Anza na sakafu. Vibanda vingi vya zamani vya magogo vimekaa juu ya mawe, upepo unapita chini, na kati ya boriti mna vumbi la mbao kidogo tu. Ng'oa mbao za sakafu, pigilia ubao wa kuzuia upepo upande wa chini, jaza nyuzi za mbao za kuzuia baridi, unene wa milimita 250 hadi 300, halafu karatasi isiyopitisha hewa juu yake, maungio yote yafungwe kwa utepe. Uwazi wa chini usiuzibe eti kupunguza baridi: unyevu ukikosa pa kutokea, boriti huoza.

Ukutani kwa ndani, milimita 50 za nyuzi hizo zatosha. Ukizidisha, gogo linabaki baridi na mvuke wa jikoni unageuka maji nyuma ya ubao.

Bomba la maji lisigande, lifukie karibu mita 2, au lifunge waya wa kulipasha joto. Pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani) weka, ila jiko la kuni usiling'oe, umeme hukatika. Ukitaka kiwe makao ya kudumu, si ya likizo tu, kibali cha kubadilisha matumizi kiombe manispaa kabla hujanunua hata msumari, na uliza habari za majitaka hapohapo.