Kwa Wanaoanza Kufanya Biashara na Wanawake wa Oman

Wenzetu mnaotoka Unguja, Mombasa au Dar es Salaam na khanga, mikoba ya ukili au viungo kwa nia ya kuwauzia wafanyabiashara wanawake wa Oman, jambo la kwanza ni kumtambua mwenye mali. Mgeni akiingia dukani Matrah, soko la kale la Maskati, na kumkuta mama amekaa na mumewe au kaka yake, aghalabu huelekeza maneno yake yote kwa mwanamume, na hapo biashara huharibika kabla hata ya bei kutajwa. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake mwenyewe: mahari, fungu lake la urithi na faida ya mtaji wake havichanganywi na mali ya mume. Mama huyo huenda alianza kwa dhahabu ya mahari, na anayo mamlaka kamili ya kuwakubalia au kuwakatalia.

Wenyewe hupenda kumtaja Bi Khadija binti Khuwaylid, mfanyabiashara wa Makka aliyemkabidhi Mtume Muhammad (S.A.W.), kabla ya utume wake, bidhaa za kwenda kuuza Sham. Utaratibu wa mmoja kutoa mtaji na mwingine kutoa kazi, yaani mudharaba, ungali unatumika. Faida hugawanywa kwa sehemu iliyokubaliwa tangu mwanzo, na mtaji ukipotea bila uzembe wa mtendaji, hasara humwangukia mwenye mtaji. Basi mkipewa fursa ya namna hiyo, tajeni nusu au theluthi ya faida. Msiombe kiasi maalumu cha fedha kila mwezi, kwani sharti hilo hubatilisha mudharaba, na mama aliyeishi katika biashara hukaa kimya tu na kuwaaga kwa adabu.

Soko ambalo ningependa kila mgeni wa kike alione ni lile la mji wa Ibra, katika mkoa wa Sharqiya, ambako Jumatano asubuhi wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake. (Wanaume watafute wa kuwawakilisha.) Huko huuzwa nguo, manukato, udi na vipodozi, na kwa kuwa koo nyingi za Ibra ziliwahi kuishi Zanzibar, Kiswahili husikika. Hata hivyo lugha isiwalevye. Bibi atawauliza ninyi ni wa nani, atawakaribisha kahawa na tende, kisha atafungua doti ya khanga, atalowesha ncha yake kwa maji na kuifikicha juu ya kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, atawarudishia doti ikiwa imekunjwa vizuri kuliko mlivyoileta, na habari itakuwa imewafikia jirani zake kabla hamjainuka.

Salalah, mji mkuu wa Dhofar kusini mwa Oman, ina mambo yake. Wanawake wa Dhofar wanaouza ubani hutofautisha madaraja kwa rangi na harufu, na ule uitwao hojari, hasa wenye weupe au ukijani, ndio wa bei ya juu. Ombeni punje moja itiwe kwenye kaa la chetezo kabla ya kununua. Si utovu wa heshima. Utovu wa heshima ni kuuliza kilichomo ndani ya udi aliouchanganya mwenyewe, kwa kuwa mchanganyiko huo ndio riziki ya nyumba yake.

Katika hesabu kuna mtego mmoja. Riali ya Oman ina baiza 1000, hivyo 12.500 ni riali kumi na mbili na nusu, wala si elfu kumi na mbili na mia tano. Wanaozoea shilingi huisoma namba hiyo vibaya, na kusahihisha ankara iliyokwisha kutumwa ni aibu ya bure.

Msishangae pia mama akiahirisha malipo akisema anangoja zamu yake ya jamiya, ambayo kwetu ni mchezo au upatu. Wanawake wengi hupata mtaji kwa njia hiyo bila ya kugusa riba, na fedha hizo hizo humlipia ada mtoto wa dada au humwanzishia jirani aliyeachika cherehani yake. Mwulizeni zamu ni mwezi gani, muandikiane, na mzigo wa Idi muufikishe kabla ya Ramadhani kuingia, kwa sababu mafundi wakishajaza oda hakuna atakayenunua kitambaa cha kushona.