Mhafidhina wa Marekani anahifadhi nini?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninatafsiri makala za maoni kutoka magazeti ya Marekani kwa ajili ya jarida dogo la wanafunzi. Wiki iliyopita mhariri alinirudishia makala ya mwandishi mhafidhina aliyeishutumu serikali ya nchi yake kwa kupekua mawasiliano ya raia bila kibali cha mahakama. Alikata "wahafidhina" akaweka "wahifadhina", kisha akaandika pembeni: "Wahafidhina ni watu wasiotaka mabadiliko. Huyu anatetea uhuru, atakuwaje mhafidhina?" Mahali nilipoandika "uhuru wa kiraia" aliweka "haki za kiraia", na "waliberali" wangu akawageuza "wenye siasa huria". Ni nani kati yetu aliyekosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na lililo jepesi. "Wahifadhina" si neno. Ni mchanganyiko wa maneno mawili ambayo ni ndugu lakini yana makazi tofauti. Kitenzi hifadhi kimetupa mhifadhi na uhifadhi, na mhifadhi tunamjua sote: ndiye mlinzi na mtaalamu wa Serengeti, wa Ngorongoro, wa misitu ya mikoko. Mhafidhina ametoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu wenye maana ya kutunza na kulinda, ila hakupitia katika kitenzi chetu, bali alikuja akiwa nomino iliyokwisha kuundwa hukohuko. Waarabu humwita mmoja muhafidh, na mojawapo ya maumbo ya wingi wake ni muhafidhina. Sisi tulilichukua umbo hilo la wingi, kama tulivyofanya kwa mujahidina, tukalifanya la umoja, kisha tukalivisha wa- yetu juu yake. Kwa hiyo kila tunapoandika "wahafidhina" tunahesabu wingi mara mbili, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa hilo. Lakini gazeti likitangaza kwamba wahifadhi wa Marekani wameshinda uchaguzi, msomaji wa Arusha atakuwa na kila sababu ya kudhani kwamba askari wa wanyamapori wamelichukua Baraza la Seneti.

Maana ya neno ndiyo yenye mgogoro, na hapo mhariri wako hakujitungia. Neno mhafidhina lilipoenea katika Kiswahili cha magazeti na redio, mara nyingi lilikuwa jina ambalo mtu hupewa na wapinzani wake. Wakati wa mjadala wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar, uliofikia kura ya maoni ya Julai 2010, wahafidhina walikuwa wale wa ndani ya chama tawala waliosemwa kwamba hawataki maridhiano. Katika habari za Iran, wahafidhina ni wale wanaopambana na wanamageuzi. Hata katika ule ugomvi wa zamani kuhusu vina na mizani, watetezi wa arudhi waliitwa wahafidhina na wenzao waliotaka shairi lifunguliwe minyororo, na si wote walioipokea sifa hiyo kwa furaha. Msomaji aliyelelewa na matumizi hayo atasikia katika neno hili mtu mgumu, mzee wa fikra, anayeushikilia mlango usifunguliwe.

Mmarekani wa mrengo huo, kinyume chake, hujiita hivyo mwenyewe, tena kwa fahari. Lakini tofauti kubwa zaidi imo katika sarufi ya neno lenyewe. Hifadhi ni kitenzi elekezi: hakikamiliki bila yambwa. Mtu hahifadhi tu, huhifadhi kitu. Kwa hiyo swali la mhariri wako kwamba mtetezi wa uhuru atakuwaje mhafidhina lilipaswa kutanguliwa na jingine: anahifadhi nini? Mhafidhina wa Iran anasema analinda Mapinduzi ya 1979. Wale wa Zanzibar walisema wanalinda Mapinduzi ya 1964. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba hawa tunaowaita maadui wa mabadiliko wanahifadhi mapinduzi, lakini ndivyo lilivyo, na Mmarekani naye hayuko mbali, kwani anachodai kukihifadhi ni matunda ya uasi wa 1776: Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 na vile vifungu kumi vilivyoongezwa mwaka 1791. Vifungu hivyo Wakenya huviita marekebisho. Sisi wa upande huu mara nyingi huviita mabadiliko, kama katika Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar. Basi mtu ambaye mhariri wako anasema hataki mabadiliko, anachokitetea kwa udi na uvumba ni Mabadiliko ya Kwanza (uhuru wa dini na wa kusema), ya Pili (kumiliki silaha) na ya Nne (kutopekuliwa ovyo).

Mfano mmoja utaonyesha jinsi yambwa inavyoamua kila kitu. Mwaka 1984, mkutano mkuu wa chama cha Republican ukiendelea Dallas, mwandamanaji mmoja aliichoma moto bendera ya taifa, akashitakiwa chini ya sheria ya jimbo la Texas. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, mwaka 1989, majaji watano walisema kitendo hicho kinalindwa na uhuru wa kutoa maoni, na wanne wakapinga. Miongoni mwa waliopinga alikuwemo Jaji Mkuu William Rehnquist, mhafidhina asiye na shaka, aliyeandika kurasa nyingi kuhusu hadhi ya bendera katika historia ya taifa. Miongoni mwa wale watano alikuwemo Antonin Scalia, mhafidhina pengine kumpita yeye, ambaye baadaye alirudia hadharani kwamba lau angekuwa mfalme angewafunga jela wachoma bendera wote, lakini yeye si mfalme. Rehnquist alihifadhi alama ya taifa, Scalia akahifadhi maneno ya Katiba jinsi alivyoyasoma. Neno ni lilelile, yambwa mbili.

Na hapo Kiswahili kina silaha nzuri ambayo watafsiri wengi wanaiacha ikipata kutu. "Uamuzi wa mhafidhina" si "uamuzi wa kihafidhina". Ya kwanza inasema nani ameamua. Ya pili inasema uamuzi wenyewe ni wa namna gani. Kura ya Scalia katika kesi ile ilikuwa ya mhafidhina, na kama ilikuwa ya kihafidhina ni jambo ambalo Wamarekani wenyewe wanaweza kulibishania. Katika makala yako umeandika "maoni ya kihafidhina kuhusu upekuzi", nami ningekushauri uandike "maoni ya mhafidhina", kwa sababu wapo wahafidhina wengine waliouunga mkono upekuzi huo. Sheria maarufu iliyopanua mamlaka ya vyombo vya usalama baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ilitiwa saini na George W. Bush, rais wa Republican, na mmoja wa waliokuja kuipinga kwa sauti kubwa ni Rand Paul, seneta wa chama hichohicho, ambaye mwaka 2015 alisimama ndani ya Seneti akaizungumza kwa zaidi ya saa kumi. Kiambishi ki- kingewatia wote wawili katika kapu moja.

Sasa nije kwenye haki na uhuru, ambako mhariri wako amekosea waziwazi, ingawa kosa lake ni la wengi. Kiingereza kina "civil rights" na "civil liberties", na sisi tumezoea kuyafunika yote mawili kwa "haki za kiraia". Ya kwanza ina historia yake: ni madai ya raia kutendewa sawa, asibaguliwe kwa rangi au dini mahali pa kazi, hotelini, kwenye kituo cha kupigia kura, na anayetarajiwa kuyatekeleza ni serikali. Ya pili ni eneo ambalo serikali inaambiwa isikanyage. Angalia jinsi Mabadiliko ya Kwanza yanavyoanza: Bunge halitatunga sheria ya kuanzisha dini rasmi, wala ya kuzuia watu kuifuata dini yao, wala ya kupunguza uhuru wa kusema. Anayelindwa ni raia, lakini anayekatazwa ni Bunge. Katiba yetu ya 1977 imechagua njia nyingine, kwa kuwa ibara ya 18 inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake", na mstari unaofuata unasema "anayo haki ya kutafuta, kupokea na, kutoa habari". Huku mtu anapewa, kule serikali inakatazwa. Lakini tazama pia jinsi waandishi wa ibara hiyo walivyoyaweka maneno mawili, uhuru na haki, kila moja na kiambishi chake na kazi yake. Hawakuona kwamba moja linatosha.

Ukitaka kuona hasara ya kuyachanganya, jaribu kumweleza msomaji habari za Barry Goldwater, seneta wa Arizona na mgombea urais wa Republican mwaka 1964. Alikuwa ameunga mkono sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960. Ile kubwa ya 1964 akaipinga, akisema kwamba vifungu vinavyowabana wenye hoteli na waajiri binafsi vinaipa serikali kuu mamlaka ambayo Katiba haikuipa. Maseneta wenzake wa Republican hawakumfuata: 27 walipiga kura ya ndiyo na sita tu wakapinga. Ukiandika kwamba Goldwater alipinga sheria ya haki za kiraia kwa jina la haki za kiraia, umeandika upuuzi. Ukiandika kwamba aliipinga kwa jina la uhuru wa kiraia, au uhuru wa mtu binafsi, msomaji ataielewa hoja, na pia ataweza kuikataa. Mimi mwenyewe huikataa, kwani Mmarekani mweusi wa Mississippi aliyenyimwa kura hakuwa akionewa na serikali kuu, na hapakuwa na mwingine ila hiyo serikali kuu wa kumtoa humo. Lakini mtafsiri hana ruhusa ya kuishinda hoja kwa kuitafsiri vibaya.

Goldwater huyo ametuachia mtego mwingine. Alipokuwa akiukubali uteuzi wa chama chake San Francisco, Julai 1964, alitamka sentensi mbili ambazo bado zinanukuliwa. Zikitafsiriwa zinakuwa hivi: msimamo mkali katika kuutetea uhuru si uovu, na kiasi katika kuitafuta haki si fadhila. Hapa haki ndiyo tafsiri sahihi, lakini ni haki ile inayotoka kwa hakimu, si haki ile iliyomo katika orodha ya haki za raia. Kiingereza kina maneno mawili, sisi tunalo moja. Mimi huandika "haki" kwa umoja pale inapomaanisha uadilifu wa hukumu, na "haki za" pale ninapomaanisha zile zinazohesabika. Si kanuni ya kamusi, ila imeniokoa mara nyingi.

"Siasa huria" nayo ifutwe, na ningeifuta kwa kalamu nyekundu. Kwa msomaji wa Tanzania huria ina tarehe ya kuzaliwa: ni soko huria, ni biashara huria, ni miaka ya themanini na tisini serikali ilipoanza kuachia bei na kuruhusu maduka yajae. Hayo ndiyo mambo ambayo Ronald Reagan alikuwa akiyahubiri, na Reagan hakuwa mliberali. Ukimwita mliberali wa Marekani, yule anayetaka kodi ya matajiri ipandishwe na serikali igharimie matibabu, kuwa ni mtu wa siasa huria, umemvisha kanzu ya jirani yake. Acha "mliberali", au andika "wa mrengo wa kushoto". Ukiandika kushoto na kulia, kumbuka tu kwamba kwetu mkono wa kulia ni wa chakula na salamu, ilhali huko ni habari ya viti vya Bunge la Ufaransa la 1789. Vivyo hivyo jihadhari na "serikali ndogo": msomaji wetu ataelewa kwamba baraza la mawaziri limepunguzwa. Anachokitaka mhafidhina wako ni serikali yenye mamlaka machache.

Hukuniuliza kuhusu utamaduni, lakini nimeona katika nakala uliyoniletea kwamba umeandika "vita vya utamaduni", ukifuata hotuba ambayo Pat Buchanan, mwanasiasa mhafidhina, aliitoa kwa wajumbe wa Republican huko Houston mwaka 1992. Neno ni zuri kwa asili yake, kwani linatoka katika Kiarabu kwenye mzizi uleule wa madina, yaani mji. Tatizo ni kwamba kwetu utamaduni una ngoma, una vikundi, una afisa wake wa wilaya. Buchanan hakuwa akizungumzia sindimba. Alikuwa akizungumzia utoaji mimba, ndoa na sala shuleni, na mambo hayo sisi huyaita maadili. "Vita vya maadili" itamfikisha msomaji mapema zaidi.

Basi sentensi ambayo mhariri wako aliiacha ikisomeka "Wahifadhina wa Marekani wanadai haki za kiraia dhidi ya wenye siasa huria" ningeiandika hivi: "Baadhi ya wahafidhina wa Marekani wanashikilia kwamba upekuzi wa mawasiliano bila kibali cha mahakama unavunja uhuru wa kiraia unaolindwa na Mabadiliko ya Nne ya Katiba yao, na katika hili waliberali wengi wako pamoja nao." Ni ndefu karibu mara tatu kuliko ile, najua, na mhariri atalalamikia nafasi. Mwambie akate kichwa cha habari.