Maswali ya wasomaji: kujifunza wembe wa kukunja

Toleo hili tumeligawia wembe wa kukunja, ule wa bapa refu linaloingia ndani ya mpini wake. Barua zilizotufikia zimetoka Dodoma na mikoa ya jirani, na nyingi zinalalamikia maumivu.

Swali: Shikamooni. Niliagiza wembe wa kukunja mtandaoni, ukaja mpya ndani ya boksi. Nilipoutumia ulizivuta ndevu hadi machozi yakanitoka, na mashavu yakawaka siku nzima. Kosa ni la mkono wangu au la wembe? *(Kijana wa Chang'ombe, Dodoma)*

Jibu: Marahaba. Ushuku wembe kwanza. Nyembe nyingi za aina hii huuzwa zikiwa zimenolewa nusunusu, na zile za bei ya kutupa hutengenezwa kwa chuma laini ambacho hakishiki makali hata ukinoa mchana kutwa. Pima hivi: pitisha wembe juu ya vinyweleo vya mkono, nusu sentimita kutoka kwenye ngozi, bila kuigusa ngozi yenyewe. Ukikata ncha za vinyweleo, unafaa. Ukivilaza tu, bado. Kidole gumba kisiwe kipimo, kwani utajikata na makali utayaharibu.

Wembe huu hunolewa ukiwa umelala kabisa juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Ukiuinua hata kidogo, pembe imeharibika. Vinoo hupangwa kwa namba: ikipanda, kinoo ni laini zaidi. Kinoo cha namba 1000 ni cha kurudisha makali yaliyokufa au yaliyopiga pengo. Kutoka hapo unapanda 4000 au 5000, kisha 8000, na chini ya 8000 usiuweke usoni. Ukipata 12000, ngozi itakushukuru. Tafadhali usimpelekee mnoa visu wa baiskeli. Gurudumu lake linafaa panga na kisu cha nyama, lakini bapa la wembe ni jembamba mno: joto la msuguano hulegeza chuma chake kwa sekunde chache, na hapo hakuna kinoo kitakachouokoa.

Wembe uliokwisha kunolewa bado unahitaji ukanda wa ngozi kila kabla ya kunyoa. Fundi viatu anaweza kukukatia ngozi laini isiyo na nakshi, upana sentimita 6, urefu sentimita 50. Ifunge upande mmoja kwenye kitasa cha mlango na uikaze. Mgongo wa wembe hutangulia, makali hufuata nyuma. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Nenda rudi mara 50 bila kukandamiza. Ukanda ukilegea na kubonyea katikati, unayafanya makali kuwa ya mviringo, nawe utadhani wembe umeisha kumbe umeubutusha mwenyewe. Ukigeuzia juu ya makali, utakata ngozi na makali yatapinda.

Sasa mkono. Vidole vitatu vikae juu ya shingo ya wembe (kipande chembamba kati ya bapa na mpini), gumba chini yake, kidole kidogo kwenye mkia (ile ncha iliyopinda inayotokeza nyuma ya pini ya mpini), na mpini upite kati ya kidole kidogo na cha pete ukielekea juu. Laza bapa shavuni, halafu inua mgongo kidogo, kama nyuzi 30. Kwa wembe wa upana wa 5/8 ya inchi, ambao ndio mzuri kwa anayeanza, pengo kati ya mgongo na ngozi lisizidi unene wa penseli ya shule. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Wembe ukivuta, mtu huinua mgongo zaidi na kukandamiza ili “ukate vizuri”, na hapo makali huacha kukata ndevu na kuanza kukwangua ngozi. Huo ndio moto ulioupata mashavuni. Dawa yake ni kinyume cha unavyohisi: punguza pembe na uache uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi.

Vuta ngozi kwa mkono wa pili, juu ya mahali unaponyoa. Vidole vikiteleza, vipake shabu kavu, vitashika. Pitisha wembe kwa hatua fupi za sentimita 2 au 3, moja kwa moja mbele, ukifuata ndevu zinavyoota. Usiuburute kwa ubavu hata mara moja. Mwendo wa ubavu ndio unaokata watu.

Majuma mawili ya kwanza nyoa mashavu tu, kuanzia sharafa hadi mstari wa taya, na sehemu zilizobaki zimalizie kwa wembe wako wa zamani. Baadaye ongeza taya, kisha shingo. Kidevu na juu ya mdomo viwe vya mwisho kabisa, kwa sababu pale ndevu ni ngumu na mifupa inapinda kila upande. Kwenye kikoromeo, meza mate na uizuie pumzi, au ivute ngozi pembeni uinyolee mahali palipo tambarare.

Swali: Povu langu linakauka kabla sijamaliza hata shavu moja, ingawa sabuni ni ya kunyolea na brashi ninayo. *(Mkazi wa Area C, Dodoma)*

Jibu: Ni maji na hewa. Maji mengi ya mji wetu hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji ya chini ya ardhi hubeba madini ya chokaa na magnesia. Madini hayo huishika sabuni na kuigeuza utando mweupe usio na povu. Angalia ndani ya birika lako: lile gaga jeupe ndilo linalokunyima povu. Kuchemsha husaidia kwa sehemu, kwani baadhi ya chokaa huganda; yaache maji yatulie, umimine ya juu polepole. Chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji haiondoki kwa kuchemsha. Njia ya uhakika ni kutenga nusu lita ya maji ya mvua au ya chupa kwa ajili ya povu peke yake. Kunawa na kusuuza, tumia ya bomba.

Loweka brashi dakika 3, ikung'ute, chukua sabuni yako ya kunyolea kiasi cha punje ya korosho na uizungushe kwenye bakuli huku ukiongeza maji kijiko cha chai kimoja kimoja. Wengi huacha mapema, povu likiwa zito na lenye vitundu. Endelea mpaka ling'ae na kuteleza kati ya vidole. Upepo mkavu wa Juni na Julai hunyonya unyevu haraka, kwa hiyo paka upande mmoja, nyoa, ndipo upake wa pili. Usinyolee uani penye upepo na vumbi.

Swali: Nianze na kile kishikio kinachowekwa nusu ya wembe wa kawaida kama cha saluni, au wembe wenyewe wa kukunja? *(Msomaji wa Manyoni)*

Jibu: Ukiwa huna wa kukunolea, chukua kishikio, makali yake ni mapya kila siku kwa gharama ndogo. Lakini ujue si mlango rahisi. Ni chepesi, hivyo mkono hushawishika kukandamiza, na kona mbili za wembe uliokatwa huchoma ngozi haraka kuliko wembe wa kukunja wenye ncha ya mviringo. Aliyezoea kimoja atajifunza upya pembe ya kingine.

Swali: Kila nikinyoa shingo hutoka vipele vigumu. Je, wembe huu utaniponya? *(Kutoka Singida mjini)*

Jibu: Hapana, ndugu, na tunakuomba usimsikilize anayekuahidi hivyo. Ndevu zetu zimejikunja. Zikikatwa chini kabisa, ncha kali ya unywele hugeuka na kuingia tena kwenye ngozi, na mwili huishambulia kama mwiba. Kunyoa kinyume cha uotaji na kuivuta sana ngozi huongeza tatizo, maana unywele hukatwa ukiwa umevutwa nje, kisha hurudi ndani.

Acha kunyoa shingo kwa wiki 4 hivi. Ukirudi, pita mara moja tu, kwa kufuata uotaji, ngozi ikiwa imevutwa kidogo. Vikirudi tena, shingo yako ni ya mashine: acha milimita 1 na uridhike, mashavu uyanyoe kwa wembe. Ukiona usaha au kovu linalokua na kuvimba, nenda kituo cha afya.

Swali: Wembe unahifadhiwa kwa mafuta gani? Hapa alizeti ni tele. *(Kondoa)*

Jibu: Mafuta ya cherehani, tone moja kwa bapa lote na jingine kwenye pini. Alizeti huganda hewani na kuwa kama gundi baada ya muda. Kausha kwanza, na usiukunje ukiwa na maji.

Swali: Nina saluni ndogo. Naweza kutumia wembe mmoja wa kukunja kwa wateja wote nikiufuta kwa spiriti? *(Kinyozi, Mpwapwa)*

Jibu: Usifanye hivyo. Kufuta kwa spiriti si kutakasa. Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai kwenye kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, na damu ya kuvibeba inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Jiki nayo itakula chuma na makali yake.

Kwa wateja tumia kishikio na nusu ya wembe mpya kwa kila mtu, ukiufungua mbele ya macho yake. Kishikio kioshe kwa sabuni, ndipo ukiloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na uwe na zaidi ya kimoja ili kimoja kilowe wakati kingine kinafanya kazi. Shabu isiwe kipande kimoja kinachopita shavu hadi shavu. Saga unga, uchukue kidogo kwa pamba safi, pamba itupwe. Nyembe zilizotumika ziingie kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, iandikwe nje, wala isichanganywe na taka za kawaida, maana kuna mtu anayezibeba taka hizo kwa mikono mitupu.