Nati za masikio: chukua za shaba

Mkuu, umeuliza nati za masikio (nati kubwa za katikati zinazobana magurudumu, hukazwa kwa kugonga masikio yake kwa nyundo) zinazodumu kwa MGB yako, gari dogo la michezo la Kiingereza, yenye rimu za spoku hapo Moshi. Chukua za shaba iliyofuliwa, zenye kromu. Aloi ya zinki achana nayo kabisa. Yangu ilikatika sikio njia ya Marangu, pigo la pili tu la nyundo, na ndani palikuwa na chembechembe za kijivu kama saruji.

Kabla ya kuagiza hesabu hesi (mifereji ya skrubu) za habu, kile kitovu ambacho gurudumu hukaa: kuna za 8 kwa inchi na za 12, hazioani. Nati za upande wa kushoto wa gari hufunguka kinyume cha saa, za kulia kufuata saa. Fundi akibadilisha habu, ya kushoto akaiweka kulia, gurudumu litajilegeza lenyewe. Nyundo iwe ya shaba au risasi. Ukifika Boma Ng'ombe, simama ukaze tena.