Meli ya mafuta imeuzwa: nani kainunua, na pesa zimepita wapi?

Anza na namba, si jina. Jina na bendera ya meli ya mafuta hubadilika upesi, lakini namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini) yenye tarakimu saba haiachani na chombo hadi kinapokatwa kuwa chuma chakavu. Ihakiki kwanza: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisha. Kwa 9074729 jumla ni 139, na ile 9 ya mwisho lazima ifanane na tarakimu ya saba. Isipofanana, namba imekosewa au imebuniwa. Ikifanana, linganisha bado picha na vipimo, maana wapo wanaoazima namba za meli zilizokwisha kuvunjwa.

Halafu fungua Equasis, hifadhidata ya meli mtandaoni, ni bure ukijisajili. Utamwona mmiliki aliyesajiliwa, na mara nyingi ni kampuni yenye meli moja tu, iliyoandikishwa Liberia au Visiwa vya Marshall. Usikwame hapo. Tazama kampuni inayosimamia usalama wa meli, na anwani ambayo barua za mmiliki hupelekwa. Kampuni kadhaa zikiwa na meli moja moja, msimamizi yuleyule, na zote zimenunua karibu wakati mmoja, huenda nyuma yake yupo mnunuzi mmoja. Anwani ya wakala wa usajili peke yake haithibitishi kitu, kwani huandikisha maelfu ya kampuni zisizohusiana.

Pesa ndipo penye kazi. Kwa kawaida mnunuzi huweka amana ya 10% kwa mtu wa kati, wakili au benki. Salio hulipwa siku ya makabidhiano, na muuzaji hutoa hati ya mauzo pamoja na cheti cha msajili kwamba meli haina rehani. Pande mbili hutia saini itifaki, yaani hati ya makabidhiano, yenye tarehe na saa. Itafute hiyo saa, kisha pangia kila karatasi nyingine kuanzia hapo. Rehani ya zamani ilifutwa lini? Mpya imeandikwa kwa faida ya nani? Ikiwa ni ya muuzaji mwenyewe, basi kamkopesha mnunuzi, na mkono wake bado umo ndani ya meli. Ikiwa hakuna rehani kabisa na mnunuzi ni kampuni iliyozaliwa juzi, uliza fedha zote hizo zimetoka kwa nani.

Tahadhari na bei. Hati nyingi za mauzo huandika dola 10 “na malipo mengine yenye thamani”. Hiyo si bei, usiichapishe kama bei. Muuzaji akiwa kwenye soko la hisa, soma hesabu zake: thamani ya meli vitabuni, yaani ile iliyoandikwa katika hesabu za kampuni, ukijumlisha na faida ya mauzo, unakaribia kiasi alichopokea baada ya kutoa gharama za mauzo. Faida peke yake imewapotosha wengi.

Kuna pia mauzo ambayo meli haiondoki. Kampuni ya fedha inainunua na kumkodisha palepale aliyeiuza. Mmiliki kwenye rejista kabadilika, msimamizi hajabadilika, na kilichotokea kwa kweli ni mkopo.

Mwisho, linganisha jina la aliyetuma pesa na jina la mnunuzi kwenye mkataba. Yakitofautiana, dai barua ya kumteua mlipaji huyo, na uangalie iliandikwa kabla ya malipo au baada yake.